Legends Never Die: albamu ya Juice WRLD isiyofaa kusikilizwa nusu

Albamu hii niliianza kwa njia mbaya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alijaziwa nyimbo katika flashi kwenye kibanda kimoja hapa Chake Chake, akaichomeka kwenye redio ya mama yake huko Machomane, na kwa muda wa wiki tatu hivi, kila nilipopita kuwajulia hali baada ya sala ya laasiri, nilikuta sauti ile ile ya kijana wa Kimarekani ikipanda na kushuka ndani ya nyumba. Nilidhani ni nyimbo za mapenzi, kwa sababu mahadhi yake ni matamu na viitikio vyake hushika akilini kabla wimbo haujafika katikati. Hata dada yangu, ambaye Kiingereza chake ni kile cha dukani tu, alikuwa akiufuatisha mmoja wao mdomo umefumbwa huku anakuna nazi. Siku nilipomwuliza kijana wetu huyu bwana anaimba nini, alinijibu, "Mjomba, maneno yote siyajui, lakini inaniingia."

Mimi nasomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari, na jibu hilo halikunitoka. Niliyatafuta maneno ya nyimbo zile, nikakaa nayo usiku mmoja na daftari mkononi, na kabla ya kufika nusu nilikwishajua kwamba mapenzi yalikuwa mlango tu wa kuingilia. Kijana yule, rapa Juice WRLD, alikuwa akisema anaumwa. Aliutaja ugonjwa wenyewe, akazitaja dawa zenyewe, akaitaja na khofu ya kufa, kwa lugha nyepesi isiyohitaji kamusi, na wakati albamu inatoka tarehe 10 Julai 2020 alikuwa ameshafariki miezi saba nyuma. Naiandika tathmini hii kwa vijana wanaoisikiliza na kwa wazazi wanaoisikia ikipigwa chumba cha pili bila kujua ni kitu gani kimeingia nyumbani mwao. Naipenda albamu hii, na nina malalamiko nayo, na yote mawili nitayasema.

Nianze na bidhaa yenyewe. Albamu kamili ina vipande 21 na muda wake ni saa moja kasoro dakika chache. Flashi ya mpwa wangu ilikuwa na tisa. Havikuwa na majina bali namba tu, na mpangilio wake ulikuwa umevurugwa hata wimbo uliowekwa karibu na mwisho na wasanifu wa albamu ukawa wa pili. Kibaya zaidi ni kwamba aliyevichagua aliviacha vipande vyote vinne vya mazungumzo, nadhani kwa kuwa havichezeki na havina kiitikio. Sasa katika albamu hii vipande hivyo ni nguzo. Cha kwanza kinaitwa "Anxiety", yaani wasiwasi, na ndani yake hakuna wimbo: ni kijana anayezungumza juu ya wasiwasi unaomsumbua kabla hata gitaa la kwanza halijalia. Cha tisa, "Get Through It", ni maneno ya kuwapa moyo wasikilizaji wake ili wavuke walilonalo. Ukiviondoa hivyo, umebaki na mahadhi matamu na sauti nzuri, na ndiyo sababu nyumba nzima ya dada yangu ilikuwa ikistarehe kwa kilio cha mtu. Nilinunua bando la wiki, nikaifungua albamu yote kwenye simu kupitia Spotify, programu ya kusikilizia muziki, nikaisikiliza kwa utaratibu iliyopangwa nao, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa.

Jina la kuzaliwa la mwimbaji huyu ni Jarad Anthony Higgins. Alizaliwa Chicago tarehe 2 Disemba 1998 na akakulia katika vitongoji vya kusini mwa jiji hilo, Calumet Park na baadaye Homewood. Wazazi wake walitengana akiwa na miaka mitatu, na mama yake, Carmela Wallace, ndiye aliyemlea. Mama huyo alikuwa mshika dini na hakutaka hip hop ipigwe nyumbani kwake. Mtoto hakuzuilika kuupenda muziki, ila aliupata kwa upenyo mwingine: michezo ya video ilikuwa na nyimbo za roki ndani yake, na yeye akazinywa zile. Mama ndiye aliyemlipia masomo ya piano tangu akiwa na umri wa miaka minne, kisha akajifunza gitaa na ngoma. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloieleza sauti ya albamu kuliko jambo jingine lolote. Rapa huyu hakulelewa na midundo ya mitaani. Alilelewa na gitaa, na unapomsikiliza unasikia mtu anayeimba kwanza na kughani baadaye.

Akiwa bado mwanafunzi wa skuli ya Homewood-Flossmoor alikuwa akirekodi kwa simu yake ya mkononi na kuziweka nyimbo kwenye mtandao wa muziki wa SoundCloud. Jina la Juice alilitoa katika filamu aliyoigiza Tupac. Alihitimu mwaka 2017, akafanya kazi kiwandani kwa muda mfupi sana, na mwaka huo huo akatoa mkusanyiko mdogo wa nyimbo alioupa jina la 999. Namba hiyo kwake ilikuwa na maana: Wakristo huihesabu 666 kuwa namba ya shetani, naye akaipindua chini juu, akiwa na maana ya kulichukua baya lililompata mtu na kuligeuza kuwa jema. Mpwa wangu ameichora namba hiyo nyuma ya daftari lake la hesabu, na mpaka nilipomweleza alidhani ni namba ya nyumba.

Mwaka 2018 mambo yalikwenda kwa kasi ambayo ni vigumu mtu mzima kuibeba, sembuse kijana wa miaka 19. Video ya "All Girls Are the Same", iliyotengenezwa na Cole Bennett, ilimtangaza; kampuni ya Interscope ikamsaini kwa mkataba ulioripotiwa kufikia dola milioni 3; albamu yake ya kwanza, Goodbye & Good Riddance, ikatoka Mei; na "Lucid Dreams" ikapanda hadi nafasi ya pili katika chati kuu ya Marekani. Wimbo huo umejengwa juu ya gitaa la wimbo wa mwaka 1993 wa mwimbaji wa Uingereza, Sting. Wapo wanaomlaumu kwa kuazima, nami siwaungi mkono hata kidogo, kwa kuwa sisi tuliokulia katika taarabu tunajua nyimbo ngapi tuzipendazo zilivaa mahadhi ya filamu za Kihindi au ya Misri kisha zikatiwa maneno yetu zikawa zetu. Kinachoulizwa ni maneno yaliyotiwa ndani ya mahadhi hayo, na hapo Juice WRLD alikuwa na cha kusema.

Machi 2019 albamu yake ya pili, Death Race for Love, ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Tarehe 8 Disemba mwaka huo, siku sita tu baada ya kutimiza miaka 21, alishuka kutoka katika ndege ya kukodi iliyotoka California, akaanguka kwa mtukutiko wa mwili katika uwanja wa ndege wa Midway, Chicago, na akafariki. Wachunguzi wa vifo walitamka Januari 2020 kwamba ilikuwa ajali, na sababu ni sumu ya oksikodoni na kodeini. Ya kwanza ni dawa ya kutuliza maumivu makali, na ya pili hutiwa katika baadhi ya dawa za kikohozi. Hakuna mmea wa ajabu wala unga wa kuvukishwa mipaka usiku: ni vitu ambavyo huanzia katika kabati la dawa. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, akiwaombolezea rapa wenzake waliofariki, Lil Peep na XXXTentacion, katika wimbo "Legends", alikuwa amesema kwamba watu wa rika lake hawavuki miaka 21. Watu waliuimba mstari huo kama wanavyoimba mistari mingine.

Nirejee kwenye muziki. Aina hii ya rapu, ambayo mwimbaji huingia na kutoka katika kughani na kuimba bila kuonyesha mshono, wengi huidharau wakisema ni ya wasioweza kughani kikweli na wanaojificha nyuma ya programu ya kunyoosha sauti. Dharau hiyo haimhusu huyu. Mwaka 2018, katika kipindi cha redio cha Tim Westwood nchini Uingereza, alighani kwa kutunga papo kwa papo kwa zaidi ya saa moja juu ya midundo ya nyimbo za Eminem. Sisi Wapemba tuna kibati, ngoma ya majibizano ambayo mshairi hutunga papo hapo huku ngoma zikimkimbiza, na anayekijua kibati anajua kazi hiyo inataka akili ya namna gani: neno la sasa liko mdomoni, kina cha mstari unaofuata kimeshatafutwa, na hakuna nafasi ya kufuta. Nyimbo nyingi za Juice WRLD zilirekodiwa kwa mtindo huo huo wa kusimama mbele ya maikrofoni bila karatasi.

Mtindo huo una baraka na una gharama, na zote mbili ziko ndani ya albamu hii. Baraka yake ni ukweli. Mtu anayetunga papo hapo hana muda wa kujipamba, na kwa hiyo katika "Righteous" tunamsikia juu ya gitaa la polepole, sauti yake imepandishwa juu mpaka inakaribia kukatika, akivitaja vidonge vilivyo mkononi mwake na wasiwasi uliomfikisha hapo, kama mgonjwa anayemweleza daktari. Gharama yake ni kurudiarudia. Taswira zile zile za mapepo, kaburi, moyo uliovunjika na moshi zinazunguka kutoka wimbo hadi wimbo, na baina ya kipande cha 15 na cha 18 nilihisi albamu imechoka. "Up Up and Away" ni wimbo wa kupita, na kabla yake "I Want It" pia. Zingeachwa, albamu ingekuwa nzito zaidi. Mtunzi aliye hai huzipunguza nyimbo zake mwenyewe, na hapa mwenyewe hakuwepo.

Wimbo wa tatu, "Titanic", unahitaji neno lake. Anajifananisha na meli inayozama, na najua kwamba kwa msikilizaji wa Chicago huo ni mfano wa filamu. Kwetu si hivyo. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba, na hakuna mtaa wa kisiwa hiki usio na nyumba iliyokaa matanga wiki ile. Niliusikiliza wimbo huo nikiwa peke yangu na nikauzima kabla haujesha, nikaurudia siku ya pili. Nikiupima kama wimbo, umetengenezwa kwa ustadi: mdundo wake ni mzito, sauti inaelea juu yake, na kwa kweli unapata hisia ya maji. Wale waliopoteza watu wao nawashauri wauruke, na hawatakuwa wamekosa kitu cha lazima.

"Wishing Well", wimbo wa 14, ndio moyo wa albamu na ndio ambao dada yangu alikuwa akiufuatisha huku anakuna nazi. Kisima cha jina hilo ni kile ambacho Wazungu hutupia sarafu na kunuia jambo. Mdundo wake ni mwepesi, gitaa lake linarukaruka, na kiitikio unaweza kukiimba ukiwa umepanda gari ya kwenda Wete na abiria wote wakakufuata. Juu ya mahadhi hayo anaieleza sonona kama mtu anayempigia simu, na kisha anafika penye neno ambalo sijalisikia likisemwa wazi namna hiyo na msanii mwingine yeyote: kwamba dawa hizo ndizo zinazomweka hai, na kwamba akiendelea nazo ndizo zitakazomwondoa. Hakuna fumbo hapo. Washairi wetu walitufundisha kuficha maana ndani ya lugha ya mafumbo ili mwenye kuambiwa aelewe na wengine wapite, na sifa ya taarabu ni hiyo. Huyu alifanya kinyume chake: aliacha maneno wazi kabisa, na kilichoyaficha ni utamu wa sauti. Nimekaa siku nyingi nikilifikiri jambo hili. Nimesomesha ushairi zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kuona mahadhi yakifanya kazi ya fumbo.

Kuhusu wageni walioalikwa, maoni yangu ni mafupi. "Come & Go", alioufanya na mtengeneza midundo Marshmello, unaanza na gitaa pole kisha unalipuka kuwa wimbo wa kurukia, na mlipuko huo unamfaa mtu aliyelelewa na roki; ni wimbo ninaoupenda. "Life's a Mess" na Halsey ni mzuri wa kadiri. "Hate the Other Side" umejazwa watu, Marshmello, Polo G na The Kid Laroi, hata mwenye nyumba anakaa kona. Kila anapokuwa peke yake albamu hupanda daraja. Katika kipande cha 17 wasanii wenzake wanamsifu kwa zamu, nami nilikubali kukisikiliza kwa heshima ya msiba, kwa kuwa hata kwetu watu hukaa barazani wakamtaja marehemu kwa mema yake.

Kipande cha mwisho ndicho kinachonitaabisha. Humo tunaisikia sauti ya marehemu ikizungumza kana kwamba anatusalimia kutoka mbinguni. Ni maneno yake mwenyewe, aliyatamka akiwa hai katika mchezo na mashabiki wake, na sidai kwamba kuna aliyeyaghushi. Lakini mchezo wa mtu aliye hai ukiuchukua ukauweka mwishoni mwa albamu baada ya kumzika, haubaki mchezo. Sisi tuna adabu zetu juu ya maiti: humwombei mtu dua huku unamfanya azungumze. Kipande hicho niliwazimia watoto nyumbani, na sioni haya kusema hivyo katika tathmini.

Sipingi kusikiliza sauti za waliotangulia. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, na mpaka leo sauti yake inatufikia. Bi Kidude ametutoka Aprili 2013 na redio zetu hazijamwacha. Tofauti ninayoiona ni kwamba Siti aliishi zaidi ya miaka 20 baada ya kurekodi, nyimbo zikiwa zake, zimekamilika kwa mkono wake. Nyimbo za Legends Never Die zilikamilishwa na watu wengine kutokana na akiba kubwa ya rekodi aliyoiacha, na baadaye zimefuata albamu za Fighting Demons mwaka 2021 na The Party Never Ends mwaka 2024. Katika hizo tatu zilizotoka baada ya kifo, hii ya kwanza ndiyo iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi, na inasikika kwamba waliofanya kazi hiyo walikuwa bado na majonzi mabichi.

Watu waliipokea kwa wingi. Katika wiki ya kwanza ilipata mauzo na usikilizaji uliohesabiwa sawa na nakala 497,000 nchini Marekani, ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza, na nyimbo zake tano zikawa ndani ya kumi bora kwa wakati mmoja, jambo ambalo kabla yake walikuwa wamelifikia The Beatles na Drake tu. Mpwa wangu alifurahi sana nilipomwambia hesabu hizo. Mimi zilinihuzunisha.

Kwa ubora wa sauti, simu peke yake haitoshi. Spika ndogo ya simu inaila besi yote na kuiacha sauti ya juu ikikwaruza. Niliisikiliza kwa visikilizio vya masikioni vya bei ya kawaida na nikaona tofauti kubwa, hasa katika "Righteous" na "Conversations", ambamo kuna sauti za nyuma anazojiitikia mwenyewe na ambazo redio ya sebuleni haizitoi kabisa. Flashi ya kibandani ilikuwa imebanwa mno, na matoazi yalisikika kama mvua juu ya bati. Mwenye kibanda, nilipomrudia kumwuliza vipande vilivyobaki viko wapi, aliniambia kwamba wateja hawavitaki. Huenda anasema kweli, ila mteja hakuulizwa.

Kwa wazazi kuna mawili. Kwanza, albamu hii ina matusi, na mengi. Kwenye programu za kusikilizia muziki nyimbo za namna hiyo huwekewa alama ya herufi E pembeni mwa jina, na ipo pia nakala iliyosafishwa, ambayo matusi yake yamekatwa. Hiyo ndiyo niliyomwekea kijana wetu, na muziki haukuharibika. Pili, dawa za kulevya zinatajwa karibu katika kila wimbo, mara kwa kuzijutia na mara kwa kuzisifu, na mtoto asiyeyajua maneno hawezi kutofautisha. Wapo watakaosema suluhisho ni kupiga marufuku. Mama yake Jarad alipiga marufuku, na alikuwa mama mwema. Visiwa vyetu si wageni wa jambo hili: vijana wa unga tunawajua kwa majina, tumewaona wakirejea kutoka nyumba za upataji nafuu wakiwa na afya, wengine tumewaona wakirudi nyuma, na kule Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu inatoa tiba ya methadoni kwa waraibu. Tunachokosa ni kijana wa kutuambia, kabla hajafika huko, kwamba usiku hapati usingizi na kifua kinambana. Katika albamu hii yumo kijana anayesema hivyo kwa saa nzima, na ukikaa na mwanao mkaisikiliza pamoja, una pa kuanzia mazungumzo ambayo vinginevyo hujui utayaanzaje. Nawaambia kwa kuwa nimejaribu.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana niliyaandika majina yote 21 kwa mpangilio wake katika karatasi, tukaketi barazani mimi, mpwa wangu na mama yake, nikawa nasimamisha kila wimbo na kufasiri. Tulikwenda taratibu. Kijana alikuwa na maswali mengi katika nyimbo za mwanzo, kisha akawa kimya. Tulipofika wa 14 dada yangu aliutambua, akatabasamu, akaanza kuufuatisha. Nikausimamisha nikamwambia maneno yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mama yake yupo?"

Nikamwambia yupo, na kwamba mwaka 2020 alianzisha mfuko uitwao Live Free 999, kwa namba ile ile ya mwanawe, wa kuwasaidia vijana wenye sonona, wasiwasi na uraibu. Dada yangu akasema, "Mwenyezi Mungu amtie nguvu," akainuka kwenda kuteka maji, na tukaendelea wawili mpaka "Man of the Year", wimbo wa 20, ambao ni wa furaha, una gitaa la roki la kukimbia, na ndani yake anawaambia mashabiki kwamba anajua maneno yake yamewafaa. Hapo ndipo ninapopendekeza msikilizaji aishie. Mwenye bando dogo asichukue tisa za kibandani. Achukue cha kwanza, cha tano, cha 14 na cha 20, kwa utaratibu huo huo, na awe na maneno yake mbele ya macho.